Siku Baba Alipoulizwa Alikozaliwa

Baba yangu alikuwa mshona makubadhi, vile viatu vya ngozi vya wazi, katika mji wa kale wa Malindi, na sikumbuki mtu aliyewahi kukaa barazani kwake akaondoka bila kujua baba zake walikuwa nani. Mteja akija kupimwa mguu, kabla kamba haijamfika kisiginoni keshaambiwa: mimi ni fulani bin fulani, bin fulani, mpaka kumfikia yule babu aliyeshuka kutoka Hadhramauti ya Uarabuni na msahafu wake na msharasi wake, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Tundu moja, jina moja. Mama alikuwa akimcheka mbele ya wateja. "Huyu," akisema, "mwulize saa ngapi, atakwambia babu yake wa tano alikuwa nani."

Mimi, binti yake, utotoni nilikaa miguuni pake nikipaka nyuzi nta. Wenzangu waliimbiwa nyimbo. Mimi niliimbiwa mababu. Nilichoshwa nao vibaya sana. Lakini nilipofika chuo cha udaktari na kutakiwa nikariri mifupa ya mkono na neva za kichwa, nilijikuta nazikariri kwa mwendo uleule wa Baba: jina, kituo, jina, kituo, kama anayevuta uzi. Mtihani wangu wa kwanza niliupita kwa mwendo wa makubadhi. Sikumwambia, maana angejisifu mtaa mzima.

Nilirudi pwani mwanzoni mwa miaka ya themanini, daktari wa kawaida katika hospitali ya serikali. Homa, vidonda, malaria ya watoto, wajawazito. Juu yangu alikuwepo daktari bingwa wa uzazi, mzungu aliyeletwa kwa mkataba na serikali ya kwao. Alikuwa mtu mpole mwenye mikono mirefu, na Kiswahili chake kizima kilikuwa "pole, mama" na "sukuma". Mengi ninayoyajua kuhusu upasuaji alinianzishia yeye. Kisha mkataba ukaisha, akatuaga kwa soda na biskuti, akaenda zake. Chumba cha upasuaji hakikufungwa, la, lakini kuanzia siku ile kulikuwa na mambo ambayo tulijua hatuyawezi.

Kumtoa mtoto kwa upasuaji nilikuwa najua. Kilichonishinda ni pale mji wa uzazi unapopasuka, damu inapojaa tumboni, na kila unaposhika pana kitu kingine kinachovuja. Mgonjwa wa namna hiyo tulimpakia kwenye gari la hospitali kumpeleka Mombasa, na kati ya Malindi na Mombasa, siku hizo, palikuwa na kivuko cha Kilifi. Daraja lilikuwa bado. Unafika ukingoni, feri iko ng'ambo ya pili inapakia malori, na wewe unangoja pamoja na wauza korosho.

Ndiyo maana niliomba masomo ya ubingwa. Serikali ilikuwa na utaratibu wake kwa madaktari wake: unakwenda Nairobi, ada inalipwa, mshahara unaendelea, na ukimaliza unarudi kuitumikia wilaya utakayopangiwa. Nafasi zilikuwa chache. Sharti la kwanza kabisa lilikuwa uwe raia.

Nataka niseme wazi, kwa sababu watu hudhani nililichukia sharti lile. Sikulichukia. Fedha zile hazikuwa za mtu yeyote aliyekaa Nairobi kwenye kiti cha kuzunguka. Zilikuwa za mama wa Jilore aliyekatwa ushuru kwa kila gunia la korosho aliloliteremsha sokoni, za mgema wa Kaloleni, za mchuuzi wa samaki aliyelipa kodi ya kibanda. Watu kama hao wakimsomesha daktari, wana haki ya kuuliza: huyu atabaki? Mimi nilikuwa nimemwona bingwa akituaga kwa biskuti. Sharti nililielewa barabara. Nilichokichukia ni kwamba niliulizwa mimi.

Kitambulisho nilikuwa nacho. Lakini kwa watu wa rangi yetu na majina yetu kitambulisho kilihesabiwa kuwa mwanzo wa mazungumzo tu. Walitaka ithibitike kwamba mmoja wa wazazi wangu naye kazaliwa nchini. Mama alizaliwa kisiwani Pemba akaletwa Malindi akiwa mwari, kwa hiyo hakufaa. Akabaki Baba, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka msikitini, mikononi mwa nyanya yake, wakati ambapo hakuna aliyefikiria kuandikisha mtoto popote. Basi Baba akaitwa mbele ya kamati, ofisi ya wilaya, aje aseme mwenyewe.

Alijiandaa kama anayekwenda kuswalisha Idi. Kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya viua, makubadhi mapya aliyoyashona kwa ajili ya siku hiyo, na alikuwa kajifukiza udi hata barazani nilimnusa kabla sijamwona. Hatukumfundisha la kusema. Nani angedhani kwamba mtu anahitaji kufundishwa mahali alipozaliwa?

Kamati ilikuwa ya watu watatu, na mwenyekiti alikuwa ofisa kutoka bara, kijana kuliko nilivyotarajia, mwenye adabu. Alimwamkia Baba vizuri, akamvutia kiti. Kisha akasema, "Mzee, hebu tuambie wewe ni nani na ulizaliwa wapi."

Baba alikohoa kidogo, akaweka mikono magotini, akaanza na jina la kwanza. Mimi ni fulani bin fulani. Nilimwona ofisa akiandika, kisha akiacha kuandika, kisha akianza tena. Baba alikwenda nayo mpaka Hadhramauti, na alipofika huko, badala ya kurudi, akatua. Akawaeleza bonde. Akawaeleza mitende. Akawaeleza nyumba ya udongo ya ghorofa, na mlango wake, na kisima kilicho mbele yake, kisima ambacho wageni wote wa mji ule hunywea. "Nyumba yetu ingali imesimama," akasema kwa furaha. "Mpaka leo hii. Nenda kaulize."

"Kwa hiyo nyumba yenu iko huko?" akauliza ofisa.

"Iko!"

"Na hapa Malindi?"

Hapa inabidi nimweleze msomaji asiye wa kwetu. Mtu muungwana wa mji wa kale hajisifii kilicho mkononi mwake. Akikukaribisha kwenye pilau ya mbuzi mzima atakwambia karibu, hakuna kitu. Nyumba yake ataiita kibanda. Nasaba ndiyo hasa ya kujisifia, kwa kuwa nasaba si yako peke yako. Basi Baba, aliyezaliwa katika nyumba iliyojengwa na babu yake kwa mawe ya matumbawe, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu akasema:

"Ah, hapa! Hapa twapita tu, bwana. Twajistiri."

Ofisa aliandika neno lile polepole. Nilifungua mdomo, naye akaniinulia kiganja, kwa adabu. "Daktari, tunamsikiliza mzee." Walimshukuru, wakamsindikiza mpaka mlangoni. Baba alitoka uso umemng'aa. Alidhani kanifanyia jambo kubwa.

Tulipofika kona ya soko sikuweza tena kujizuia. Hasira zilinipanda mpaka nikahisi masikio yanachemka ndani ya buibui.

"Baba, wewe Hadhramauti umekwenda lini?"

"Sijakwenda, mwanangu. Wajua."

"Hicho kisima umekiona lini?"

"Nimekisikia."

"Na pale ulipozaliwa, mbona hukusema?"

Alisimama, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakusema kwamba ana pua. "Si wanaijua nyumba? Si wao wako hapa hapa mjini? Nilitaka wajue we si mtoto wa kuokotwa, mama. Nilitaka wajue una watu."

Jibu la kamati lilikuja baada ya wiki kadhaa kupitia kwa mkuu wangu wa kazi, naye aliniambia huku akitazama dirishani: uraia haukuthibitika, niombe tena mwaka ujao. Nafasi ilikwenda kwa mwenzangu mmoja ambaye karatasi zake hazikuwa na doa. Alisoma, akafaulu, na kabla hajamaliza kuutumikia mkataba alikwenda kufanya kazi nchi za kusini kwenye mshahara mnono. Simlaumu sana, ana watoto. Lakini nikimkumbuka hucheka, na si kicheko kizuri.

Nyumbani nilikuwa namwamkia Baba na kumwekea chai, basi. Mama alijaribu kutuchekesha, akashindwa. Baba aliendelea kushona, na wateja walipokuja aliendelea kuwatajia mababu, lakini nikipita alishusha sauti.

Miezi michache baadaye tukaletewa mama mmoja kutoka Jilore. Alikuwa mzazi wa mara ya tatu, na uzazi wa pili alikuwa amepasuliwa. Alikuja na mama mkwe wake, mwanamke mkavu mrefu aliyembeba kutoka ndani ndani huko kwa machela mpaka penye barabara, yeye na wanaume wa boma. Nilipomshika tumbo nilijua. Kovu limeachia. Nilimtundikia maji, nikatafuta damu, ikapatikana chupa moja, nikapanda naye gari.

Kilifi tulifika saa za adhuhuri. Feri ilikuwa ng'ambo. Dereva alipiga honi, watu wakatupisha, wauza korosho wakasogeza mabeseni yao, kila mtu alifanya alichoweza kufanya. Feri ndiyo iliyokuwa haina haraka. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya gari, nimemshika mkono, nikiutafuta mpigo wa damu. Nilijua kwa jina kila mshipa unaovuja ndani yake. Ningeweza kuitaja yote kwa mwendo wa Baba, mmoja baada ya mwingine. Sikujua namna ya kuifunga.

Feri ilipogusa ukingo wetu alikuwa keshafariki. Mama mkwe aliniangalia, hakupiga ukelele. Aliuliza tu, "Kwani hapo kwenu Malindi hakuna anayejua kazi hii?"

"Alikuwepo," nikasema. "Aliondoka."

"Na mwingine?"

Nilivuta shuka nikamfunika marehemu uso. Dereva aligeuza gari.

Nilikwenda moja kwa moja barazani kwa Baba, bila hata kubadili nguo. Nilikaa miguuni pake, pale pale pa utotoni, nikamwambia yote: kovu, chupa moja ya damu, feri, swali la yule mama. Sikumwambia kwa kumlaumu. Nafasi ile hata ningeipata, siku ile ningekuwa Nairobi darasani, na mama wa Jilore angekufa vilevile mikononi mwa mwingine. Nilimwambia hivyo. Lakini Baba hakuwa mjinga. Alijua kwamba mwaka mmoja umekwenda, na kwamba kila mwaka una wanawake wake. Aliuchoma msharasi kwenye kipande cha ngozi akauacha pale umesimama.

"Wakiniita tena," akasema, "wataka niseme nini?"

Mama akajibu kutoka ndani, hakuwa amealikwa. "Sema Malindi, kisha nyamaza!"

"Nao hao wengine? Niwakane?"

Mimi nilipaswa kusema hapana, Baba, usimkane mtu. Lakini nilikuwa bado na damu ya watu kwenye mikono ya nguo yangu, na nafasi ile niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikanyamaza.

Mwaka uliofuata tuliitwa tena. Kamati ileile, ofisa yuleyule, kiti kilekile. Baba safari hii alivaa kanzu ya kila siku, na hakujifukiza.

"Mzee, wewe ni nani na ulizaliwa wapi?"

"Mimi ni mshona makubadhi. Nimezaliwa Malindi, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Baba yangu kazaliwa nyumba hiyo hiyo. Wote wawili, baba na babu, wamezikwa hapa, makaburi nitawaonyesha mkitaka."

"Na kabla ya babu yako?"

Midomo yake ilikuwa tayari imeshika jina lililofuata. Nililiona likija, kwa maana nililijua. Kisha akaufunga mdomo.

"Kabla yake sijui," akasema Baba.

Ofisa aliinua macho. Nadhani alikumbuka, asingeweza kusahau kisima kile. Alimtazama Baba muda mrefu, Baba akatazama miguu yake mwenyewe. Kisha ofisa akaandika, akagonga mhuri, akasimama kumpa mkono kwa mikono miwili. "Asante, mzee," akasema. "Nimekuelewa." Nami nikaelewa kwamba alikuwa mtu mwema kuliko kazi aliyopewa.

Maishani mwangu sikupata kumsikia Baba akisema uongo mwingine.

Nikaenda Nairobi. Nilisoma kwa fedha za serikali, yaani za korosho na tembo la mnazi na samaki, na kila nilipochoka nilikumbuka ukingo wa Kilifi. Nilipokuja likizo niligundua baraza imebadilika. Wateja walipimwa miguu, wakaambiwa siku ya kuja kuchukua, wakaenda zao. Nikadhani labda Baba anazeeka. Mama akaninong'oneza kwamba tangu siku ile ya kamati hajamtajia mtu hata babu mmoja.

"Mbona, Baba?" nikamwuliza. "Nafasi nimeshapata. Hakuna atakayeninyang'anya."

Alikuwa akikata ukanda. Hakuinua kichwa. "Majina yale nimeyatoa, mwanangu. Makubadhi nikishampa mteja siyavai tena."

Nilitamani nimpigie kelele. Nilitamani nimkumbatie pia, lakini sisi si watu wa kukumbatiana, basi nikachukua uzi nikaupaka nta.

Nilirudi bingwa mwishoni mwa muongo ule, nikapangiwa pwani, na chumba kilekile cha upasuaji nikakikuta na taa ileile yenye balbu moja iliyoungua. Mama wa kwanza aliyepasuka mji wa uzazi mikononi mwangu alitoka hospitali kwa miguu yake. Nilikuwa nimeshapita umri ambao mji wetu humhesabia mwanamke kuwa bado anaolewa, na Mama alikuwa ameacha kuniombea kwa sauti, mara akatokea mwalimu mmoja wa Mambrui aliyemleta dada yake kujifungua, akaanza kuuliza habari zangu kwa wauguzi. Wazee wake wakaja kuniposa.

Kwa kawaida yetu wanaume hukaa sebuleni, na wanawake nyuma ya pazia husikiliza. Anayeposwa mwenyewe husikia na hasemi. Tena akionekana anasikia sana ni aibu. Wazee wa Mambrui waliketi, wakanywa kahawa, mkubwa wao akaitaja nasaba ya kijana wao kwa ufasaha wote. Kisha wakamgeukia Baba, kwa kuwa sasa ilikuwa zamu yake, na mji mzima ulijua kwamba hakuna aliyependa zamu hiyo kama yeye.

Baba alijitaja. Akamtaja baba yake, na babu yake. Akanyamaza.

"Na kabla yake?" akauliza mzee, akitabasamu, akijiweka sawa kwenye mto kama anayengoja ngano ndefu.

"Kabla yake sijui," akasema Baba.

Nyuma ya pazia shangazi zangu walitazamana. Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya sinia. Baba yangu, mbele ya wazee wenziwe, alikuwa akijifanya mtu asiye na watu, kwa sababu siku moja aliwauza watu wake ili nipate nafasi, na hakuwa mtu wa kuuza kitu kisha akakirudia.

Sikufikiri. Nilifungua mdomo nikaanza kuwataja. Mama alinibana mkono kwa kucha, akininong'oneza, "We, we, nyamaza, utatutia aibu!" Sikunyamaza. Nilianzia pale alipoishia, nikamtaja tena babu yake aliyejenga kwa mawe ya matumbawe, na baba yake, na baba yake, jina, kituo, jina, kituo, kwa mwendo niliokuwa nimekaririshwa kabla sijajua kusoma. Upande wa pili hakuna aliyekohoa. Nilipomfikia aliyeshuka na msahafu na msharasi, nikaishia hapo, nikipumua kama niliyekimbia.

Kisha sauti ya Baba ikaja kupitia pazia, ya ukali kidogo, sauti ya fundi anayemwonyesha mwanafunzi tundu alilosahau.

"Umemruka mmoja."

Mtu fulani sebuleni akacheka, wengine wakafuata, na nikasikia Baba akikohoa, na nilijua bila kuona kwamba ameweka mikono magotini. Alimtaja yule niliyemruka. Kisha akaona haitoshi, akaanza upya tangu mwanzo, na mwanzo wenyewe ulikuwa jina langu.

Mama akaniachia mkono.